Nukta Zisizo na Ndugu

Siku tulipomzika Mzee aliyenifunza kazi, lango la makaburi lilikuwa moja tu, jembamba, nami katikati ya kilio nikajikuta nahesabu watu. Yeye ndiye aliyeniambukiza.

Utoto wangu wa Tanga na masomo ya usanifu majengo havina kisa. Kisa kinaanza koridoni mwa hospitali, saa ya kuona wagonjwa. Mzee alinipa chaki na saa: chora mstari sakafuni, hesabu wanaouvuka kila dakika. Siku tatu! Nilitamani meza ya kuchorea, nikapewa benchi.

Kisha zikaja kompyuta. Programu nyingi za kuigiza mwendo wa watu zimefuata hesabu za Dirk Helbing na Péter Molnár za mwaka 1995: mtu ni nukta, huvutwa na anakokwenda, husukumwa na kuta na nukta wenzake. Waachie koridoni, watajipanga misururu wenyewe, waendao na warudio. Nilipoiona mara ya kwanza nilipiga makofi.

Ugomvi ulizuka kwenye upanuzi wa hospitali nyingine. Mhandisi mshauri alizipa nukta mita 1.34 kwa sekunde, wastani wa vitabuni, kila moja ikitembea kivyake. Korido ya mita 2 ikafaulu. Nikamuuliza, nani kwetu huenda peke yake kumwona mgonjwa? Anakuja mama, shemeji, watoto wawili, hotipoti ya wali, na bibi ambaye ndiye mwenye kupanga mwendo. Wakikutana na jirani wanasimama papo hapo, na salamu zetu mnazijua: za nyumbani, za watoto, za shamba. Akacheka, akasema salamu haina fomula.

Korido ikajengwa hivyo hivyo. Waulizeni wauguzi wanaosukuma machela humo saa kumi jioni.

Mwaka 2010 Mehdi Moussaïd na wenzake walichapisha kwamba hadi asilimia 70 ya watu waliowachunguza walitembea kwa vikundi; kundi likikua, mwendo hupungua, na watatu wakibanwa hujipinda kama herufi V ili waendelee kuzungumza. Nilimpelekea yule mhandisi nakala. Hakujibu.

Nanyi vijana mnaonionyesha video za nukta za rangi, mmekaa benchi gani? Mmemhesabu bibi yupi?

Pale makaburini nilifika arobaini na saba. Shemeji yake Mzee akanishika mkono, tukaulizana hali, na nyuma yetu lango likaziba.