Mizani ya Fimbo ya Moto

Fimbo si ngeni kwa watu wa mwambao. Mzee hutembea na bakora yake, na katika kirumbizi vijana wawili huingia uwanjani na fimbo zao, zumari likilia na ngoma ikiitikia, wakazungukana kwa madaha kabla fimbo hazijagongana. Moto nao si mgeni. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa za kila mwezi wa Julai, hujengwa kibanda cha makuti kikatiwa moto, na aliyemo ndani hutoka mbio umati ukishangilia. Lakini fimbo na moto kuwa chombo kimoja, chenye ndimi mbili zinazozunguka gizani hata jicho likaona duara, ni jambo ambalo fukwe za Nungwi na Paje zimelipokea kutoka mbali. Na aghalabu mtu apokeapo chombo bila ya kupokea kanuni zake, hana budi kuzivumbua upya kwa mikono yake mwenyewe.

Chimbuko mojawapo la michezo ya namna hii linajulikana. Katika visiwa vya Samoa mashujaa walikuwa na desturi iitwayo ailao, ya kuonyesha umahiri wa kuzungusha silaha za vita, na miongoni mwa silaha hizo ni kisu kikubwa kiitwacho nifo oti, yaani jino la mauti. Moto haukuwamo. Mwaka 1946 Msamoa Freddie Letuli alikuwa San Francisco, Marekani, akijitayarisha kwa onyesho. Akamwona Mhindi mmoja mla moto, akamwona na msichana mdogo akizungusha kijiti chenye taa. Alivyoviona akaviunganisha: akazungushia taulo kwenye kisu chake, akalitia mafuta, akaliwasha. Ndipo ilipozaliwa ngoma ya kisu cha moto, ambayo mwaka 1993 ilianzishiwa mashindano yake ya dunia huko Laie, Hawaii. Jambo ambalo leo huhesabiwa kuwa fahari ya Wasamoa lilianza kwa mtu mmoja, kisu kimoja na kipande cha taulo.

Kijana mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja, mtoto wa mvuvi, alianza vivyo hivyo. Alikuwa mwanasarakasi katika kundi la vijana wanaocheza mbele ya mahoteli, na siku alipowaona wageni wawili wakizungusha fimbo za moto ufukweni, usingizi ulimruka. Bei ya fimbo kama ile huko ng'ambo ilizidi chumo lake la mwezi mzima. Akachukua mpini wa fagio, akakata suruali kuukuu ya jinzi vipande viwili, akavizungushia nchani na kuvipigilia misumari miwili miwili. Ilipokuwa kavu, fimbo ile ilizunguka vizuri. Ilipolowa mafuta ikawa nzito upande mmoja, na kila mzunguko ukaivuta misumari kidogo kidogo. Usiku wa tatu kitambaa kikachomoka kikiwa kinawaka, kikaruka kama kimondo, kikaangukia mchangani, hatua chache kutoka kwenye dau la mjomba wake lililokuwa limepandishwa juu kutiwa kalafati. Pamba na mafuta ya kalafati vilikuwa hapo hapo, ndani ya ndoo isiyo na kifuniko.

Mjomba mtu alifika asubuhi, akaiokota fimbo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii ni fimbo, au ni kandili iliyokosa kioo?"

"Nisamehe, mjomba. Sitarudia tena."

"Sikukwambia usirudie. Nimekuuliza ni kitu gani. Ukikijua ni kitu gani, utajua namna ya kukifunga."

Mzee huyu ni fundi wa vyombo vya baharini, na kuwasha makuti chini ya dau ili kuua wadudu watobowao mbao ni sehemu ya kazi yake. Moto haumtishi. Kilichomuudhi ni misumari. Kwa fundi wa dau, msumari uliopigwa ukaachwa hivi hivi katika kitu kinachotikisika ni ahadi ya uongo: mawimbi hayaung'oi kwa siku moja, ila kila wimbi huchukua sehemu yake.

Zikafuata fimbo nyingine. Mwanzi ulikuwa mwepesi na wa kupendeza, lakini karibu na moto ulipasuka. Bomba la chuma la maji lilistahimili moto, lakini uzito wake ulichosha mabega, na lilipomponyoka lilimwachia jeraha kwenye muundi. Fimbo ya pazia ilipinda ilipoanguka mara ya kwanza. Mwishowe alipata bomba la alumini, lenye urefu wa sentimita 150, kutoka kwa mafundi wa madirisha. Alumini hupitisha joto upesi, lakini ni nyepesi, na mikono hukaa katikati, mbali na ndimi za moto. Hapo kijana alivisha mpira wa ndani wa baiskeli ili jasho lisitelezeshe vidole. Mjomba alichonga vizibo viwili vya mti mgumu, akavikaza ndani ya ncha mbili za bomba, na kila utambi ukafungwa kwa skrubu zilizopenya kitambaa, alumini na mti kwa pamoja, zikiwa na washa pana ili kitambaa kisichanike. Gundi haikutumika, kwa kuwa gundi huyeyuka.

Hapo ndipo lilipokuja suala la mizani, na hapo ndipo mpenzi wa ushairi atakapojiona yumo nyumbani. Anayetunga shairi la mizani 16 anajua ya kuwa kufikisha 16 hakutoshi. Mstari wenye 9 katika ukwapi na 7 katika utao, kwa hesabu ni 16, lakini sikio hulikataa kwa sababu umechechemea katikati. Fimbo nayo ndivyo ilivyo. Kijana aliilaza juu ya kidole kimoja, akatia alama mahali ilipotulia, akakuta alama imeipita nusu ya urefu kwa upana wa vidole viwili. Uzito wote ulikuwa sawa na alivyoutaka, ila haukugawanyika sawa. Alifungua utambi mmoja, akapunguza mzunguko mmoja wa kitambaa, akafunga tena, akapima tena. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu.

Uzito wenyewe nao una mahali pake. Fimbo yenye uzito mwingi katikati huitika upesi, na upesi vile vile hunyamaza. Yenye uzito nchani hukawia kuanza, lakini ikishashika mwendo huendelea yenyewe, na mchezaji hupata nafasi ya kuiachia, kugeuka, na kuipokea tena. Vina vya kati na vya mwisho hufanya kazi inayofanana na hiyo: ndivyo vinavyoubeba mstari kuupeleka kwenye mstari unaofuata.

Hata hivyo, mshairi ana nafuu moja. Mizani ya shairi ikishahesabiwa haibadiliki, ilhali mizani ya fimbo ya moto hubadilika ikiwa mkononi. Mafuta yanapoungua, ncha hupungua uzito na mwendo hubadilika. Na ikiwa utambi mmoja umefungwa kwa kulegea kuliko wa pili, hukauka mapema, na kitovu cha fimbo huhama katikati ya mchezo. Kwa sababu hiyo kijana alijizoeza mchana, tambi zikiwa zimeloweshwa maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya mafuta ya taa ina takriban kilo 0.8. Mazoezi yakawa mazito kuliko onyesho lenyewe, na usiku ulipofika fimbo ikamwia nyepesi.

Utambi ulimfunza subira zaidi ya vyote. Si kila kitambaa kifaacho kuvaliwa kinafaa kuwashwa. Alijifunza kuvuta uzi mmoja na kuutia kiberiti, kama wafanyavyo wanunuzi wa nguo walio makini: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni hujikunja, ikayeyuka, ikaacha kitone kigumu. Kitone hicho, kikiwa cha moto na kikarushwa na fimbo inayozunguka, hugandia kwenye ngozi. Tangu hapo alitumia pamba tupu, akaibadilisha kila baada ya maonyesho machache. Baadaye mgeni mmoja alimwachia mikanda miwili ya Kevlar, uzi uliovumbuliwa na mwanakemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, alipokuwa akitafuta uzi mwepesi na imara wa kutia katika matairi. Kevlar haiyeyuki. Lakini hata hiyo huharibika joto linapozidi sana, na kinachoihifadhi ni mafuta yenyewe: yanapogeuka mvuke huchukua joto, na mvuke ndio unaowaka, utambi ukabaki salama ndani ya unyevu wake. Mafuta yakiisha, moto hugeukia utambi. Kila aliyelelewa kwa taa ya kibatari analijua hilo bila ya kufunzwa kemia: taa iliyokauka hula utambi wake.

Kuhusu mafuta, tofauti kati ya chupa mbili yaweza kuwa tofauti kati ya mkono mzima na mkono ulioungua. Mafuta ya taa, kwa kawaida, hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 na zaidi za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi iliyo chini kabisa ya sifuri. Yaani petroli huwaka kabla kiberiti hakijaifikia. Mwenzake mmoja katika kundi, kwa kupenda mwanga mkubwa, alichanganya kidogo tu. Masika yote ya mwaka ule hakuweza kuvuta nyavu. Kikundi kikajiwekea sharti ambalo halikuandikwa popote: ni mafuta ya taa peke yake, kopo likae mbali kivulini na kifuniko chake, tambi zipukutwe zisidondoke, nguo ziwe za pamba, paa la makuti lisiwe karibu wala upande uendako upepo, na awepo mtu mmoja asiyecheza, mwenye gunia la maji mkononi.

Wapo wazee wanaouona mchezo huu kuwa ni ugeni mtupu, burudani ya watalii isiyo na nasaba. Hoja yao haifai kupuuzwa, kwa maana mengi yaletwayo na utalii hupita na msimu wake. Lakini kijana yule amezileta ndani ya mchezo wake hatua za kirumbizi: huingia polepole, huizunguka fimbo kama anayemzunguka mshindani, huinama na kuinuka kwa madaha kabla ya kuirusha. Wazee waliomtazama kutoka mbali walizitambua hatua zile kabla hawajautambua moto.

Na yupo mmoja asiyetazama kutoka mbali. Gunia la maji hulishika mjomba. Hatazami duara la moto linalowafurahisha wageni. Hutazama ncha, moja baada ya nyingine, akingojea rangi ya mwale ipungue. Anapopiga kofi moja, kijana husimamisha fimbo papo hapo, hata kama ngoma bado imekolea na hadhira inataka zaidi, na gunia hufunika utambi wa kwanza, kisha wa pili. Wageni hudhani mchezo umekatizwa. Tambi hubaki na unyevu wake, na kesho zitafungwa tena.