Kikomo ni Kazi ya Mwisho

Mzee aliyenifundisha kazi ya mitandao tumemzika Kilosa, na pale msibani vijana wa fani walimsifu kwa kupanda minara. Kupanda alipanda kweli. Lakini ujuzi wake mkubwa ulikuwa kwenye poti za rauta na swichi, na hilo hakuna aliyelitaja. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtoto wa Kilosa, na baba alikuwa mtu wa reli, tawi lile linalopita Mikumi kwenda Kidatu. Nikasomea simu Dar es Salaam, nikarudi mkoani enzi za intaneti ya setilaiti, ambayo bei yake ilikuwa haisemeki. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, Mkongo wa Taifa ukaanza kusogea bara. Hata hivyo kutoka barabara kuu hadi kwa mteja tuliendelea kutegemea redio.

Basi hoteli moja ya Mikumi ikafunga mtambo wa kugawa chaneli za televisheni vyumbani. Mtambo wa namna hiyo hautumi nakala kwa kila chumba. Unatuma mkondo mmoja kwa anwani ya kundi, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255, na anayeutaka anajiunga. Ndiyo maltikasti, na ni ufundi mzuri sana, mradi swichi ijue nani kajiunga. Swichi isiyosikiliza maombi hayo ya kujiunga, yaani IGMP, huumwaga mkondo kwenye poti zote, na poti mojawapo ilielekea kwenye redio yetu. Hewani balaa huzidi: redio za Wi-Fi kama zile zetu kwa kawaida hutuma maltikasti kwa kasi ya chini, aghalabu megabiti 6 kwa sekunde au hata 1, ili kila msikilizaji aipate. Chaneli moja ya megabiti 4 ikala hewa karibu yote. Zahanati iliyotuma taarifa zake Kilosa kwa redio hiyohiyo ikakwama.

Makao makuu wakaamuru: maltikasti isizidi asilimia 1 kwenye kila poti. Usiku uleule njia zikaanza kukatika na kurudi, kukatika na kurudi.

Mzee hakuhangaika na grafu za ofisini. Alifungua kaunta za poti moja moja, akaangalia pakiti zilizotupwa, akanionyesha kwa kidole. Rauta zetu zilitumia OSPF kuelezana njia, na rauta za OSPF husalimiana kwa anwani ya kundi vilevile, 224.0.0.5, kila sekunde 10. Zikipita sekunde 40 bila salamu, jirani anahesabiwa amekufa. Kikomo kile hakikubagua. Televisheni ilipojaza nafasi, salamu za rauta zilitupwa pamoja nayo.

Akaondoa amri ile. Akawasha usikilizaji wa IGMP, akateua kifaa kimoja cha kuuliza wanachama kila sekunde 125, kwa sababu pasipo muulizaji uanachama huisha baada ya sekunde 260 na picha zinazima vyumbani. Kisha kwenye poti ya redio akazuia makundi ya 239, akaacha 224.0.0.0 hadi 224.0.0.255 yapite. Kikomo alikiweka mwisho kabisa, kwenye poti ya kuingilia kutoka hotelini, kwa kilobiti, baada ya kupima saa za jioni wageni wanaporudi kutoka mbugani.

Mhandisi aliyetoa amri aliandika kwenye ripoti kwamba redio zilikuwa zimechoka. Baadaye akapanda cheo. Kaunta nilizisoma mwenyewe, na mpaka leo nabishana na yeyote anayeirudia hadithi hiyo.

Vijana, msikubali asilimia mkiwa mezani! Asilimia 1 ya poti ya megabiti 100 ni megabiti 1. Ya poti ya gigabiti ni megabiti 10, na redio iliyo mbele yake haikuongezeka hata chembe. Wala msiniambie faiba imemaliza mambo. Swichi inayomwaga humwaga hata kwenye faiba, ila inachelewa kuwaumbua. Tafuteni kwanza mkondo unaingilia poti gani, ni wa kundi lipi, na nani kauomba.

Mpangilio ule wa Mzee haukuguswa tena mpaka redio zenyewe zilipoteremshwa mnarani.