Dakika ya Kuwasilisha

Vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwanafunzi wa fasihi aliyerejea kwao Mutuini, magharibi mwa Nairobi, alilazimika kuiwasilisha insha yake kwa simu, kwa bando la kununua. Mfumo kama Moodle huinakili dakika ambayo kazi imefika. Haunakili kwamba umeme ulikatika. Kwa hiyo mhadhiri hukutana na alama ya kuchelewa kabla ya kuisoma sentensi ya kwanza. Ilhali mhakiki amefunzwa kutoisoma matini nje ya muktadha wake. Dakika ile nayo ni matini. Mfumo huohuo humwezesha mhadhiri kumwongezea muda mwanafunzi mmoja. Sharti kwanza aulize kilichomchelewesha.