Gari lenye feni

Jamani, wapenzi wa magari, hivi mnaijua Brabham BT46B? Hata wale wanaojifanya wanaijua Fomula 1 yote, ukiwatajia hiyo wengi wanakodoa macho. Mimi naihusudu kuliko Ferrari zote!

Gari hilo la kiti kimoja, kazi ya mbunifu Gordon Murray, lilikuwa na feni kubwa mkiani. Timu ya Bernie Ecclestone ikadai ni ya kupoza injini. Kweli ilipoza. Kumbe, bwana, ilikuwa pia inafyonza hewa chini ya gari, gari linaganda na lami kama kupe! Dereva akizidi kukanyaga mafuta, feni nayo inazidi kuvuta.

Juni 17, 1978, huko Anderstorp, Uswidi, Niki Lauda akashinda nalo, akamwacha wa pili, Riccardo Patrese, zaidi ya sekunde 34. Wee, kasheshe! Wenye timu nyingine wakaja juu: eti si halali, eti linawarushia vumbi na mawe walio nyuma. Ecclestone akaliondoa. Ushindi ukabaki wake, lakini gari halikushindana tena na feni ile katika mbio za ubingwa.

Sasa mimi nakaanga chipsi. Mwaka jana nilichomeka kifeni cha kompyuta kuukuu ubavuni mwa jiko la mkaa, nikakiunga na betri. Mafuta yakawa yanachemka upesi ajabu, wateja wakahamia kwangu. Majirani wa mishikaki na supu wakanuna. Wakasema majivu yanaruka mpaka kwenye masufuria yao, wakaenda kwa mjumbe.

Mjumbe akaja. "Kijana, sheria ya kukukataza sina. Ila hawa ndio wanaokuangalizia meza ukienda sokoni."

Usiku ule nilichukia, nusura nihame kijiwe. Ndipo nikamfikiria Ecclestone. Wakati ule alikuwa pia kiongozi wa umoja wa wenye timu. Angeng'ang'ania feni, angeweza kubaki na gari lake peke yake, wa kushindana naye hayupo.

Kifeni nikakichomoa. Hela ya miezi ile miwili nilishanunulia karai la pili, na hilo hakuna aliyesema nilirudishe. Supu ya jirani nakunywa kila asubuhi, tena ananiongezea kipande!