Nitawaambia Nini Watoto Pale Lugalo

Juma lililopita alinijia nyumbani mwalimu mmoja ambaye zamani nilimfundisha chuo cha ualimu. Siku hizi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mvi zimeanza kumtoka, lakini alipofika mlangoni alivua kofia na kuniamkia kama kwamba bado ana daftari kwapani. "Shikamoo, Mkuu." Nilimpokea kwanza mkoba wake, ndipo nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu moto." Maana mwishoni mwa Julai hapa Iringa mgeni hukaribishwa moto kabla ya kiti. Mahindi yamekwisha kuvunwa, majani yamekauka, na upepo unaovuma mchana huingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya kabati la vyombo.

Alikuja na shauri. Anataka mwezi wa nane awapeleke watoto wa darasa la sita katika safari ya historia ya siku mbili. Siku ya kwanza wataanza mjini, katika boma la zamani la Wajerumani, ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Kutoka hapo watakwenda Isimila, wakayaone mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Siku ya pili, tarehe 17 Agosti, watakwenda Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, kisha wafike Lugalo, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Na pale Lugalo, watoto wakiisha kula viazi vyao, nisimame mimi niwasimulie vita vilivyopiganwa siku hiyo hiyo mwaka 1891.

"Nani mwingine, Mkuu?" alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha sisi sote."

Nilikubali upesi, kama mzee anavyokubali anaposifiwa. Alipoondoka nikaanza kujuta, na usiku ule sikupata usingizi. Naomba nikueleze, ndugu msomaji, kilichoninyima usingizi ni nini.

Habari za Lugalo nazijua kama ninavyozijua njia za kijijini kwetu. Mwaka ule ofisa wa Kijerumani, Emil von Zelewski, alitoka Kilwa na jeshi lake kuja kuwatiisha Wahehe. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti jeshi hilo lilikuwa njiani, limejipanga katika mstari mrefu mwembamba, kila mtu akimfuata mwenzake. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani na nyuma ya mawe. Walipotokeza na mikuki yao, askari wengi hawakupata hata nafasi ya kupiga risasi ya pili. Zelewski mwenyewe aliuawa. Wajerumani kumi walikufa, na pamoja nao askari zaidi ya 200. Bunduki zao na mizinga yao ikabaki mikononi mwa Wahehe.

Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Hata hivyo ilipita miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining ndiye aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen, ambako yalikuwako mafuvu mengi, na likachaguliwa moja kwa kupima umbo lake na kuangalia tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi pale Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Hayo yote nimeyafundisha miaka mingi, na ningeweza kuyasema nikiwa nimelala. Lakini yako maneno machache ambayo sikuyafundisha hata siku moja. Katika lile jeshi la Zelewski hawakuwamo Wajerumani na askari peke yao. Walikuwamo pia wapagazi, na karibu 100 kati yao waliuawa siku ile. Katika daftari langu la chuoni wapagazi walipata mstari mmoja. Niliusoma mstari huo haraka na kuingia katika mambo mengine, na sababu ya kufanya hivyo niliijua vizuri.

Baba yake babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi wale.

Niliambiwa jambo hili mwaka 1983, wakati baba yangu alipokuwa mgonjwa wa maradhi yaliyomchukua. Jioni moja aliwatoa watu wote chumbani, akaniambia nifunge mlango. Nilidhani anataka kunieleza habari za mashamba au madeni. Badala yake akasema, "Sisi hapa tuliletwa na mzigo." Kisha akanisimulia, kwa vipande vipande, huku akipumzika.

Yule mzee alikuwa kijana wa bara ya Kilwa, aliyechukuliwa kubeba sanduku ambalo hakujua ndani yake mna nini. Kelele za vita zilipoanza alilitupa, akalala chini ya kichaka mpaka jua likazama. Alikamatwa, akafungwa kamba, akapewa nyumba moja awe mtu wao. Alichunga, alilima, aliteka maji. Baada ya miaka mingi, alipokuwa amekwisha kuaminika, akapewa mke na kipande cha ardhi, na watoto wake wakaitwa kwa jina la nyumba ile. Jina lake la kwao hakuna aliyelishika. Baba hakulijua, na babu kama alilijua alikwenda nalo kaburini.

Ndipo nilipoelewa desturi moja ya nyumbani kwetu. Tangu nikiwa mtoto, mgeni akifika na mzigo, kwetu hutuliwa mzigo kwanza, ndipo aamkiwe. Mtoto aliyemwamkia mgeni ambaye bado ana mzigo kichwani alichapwa. Nilidhani ni adabu tu ya kawaida.

"Usimwambie mtu," baba alimaliza. Nami nilitii. Kijijini kwetu neno la mtu aliyeletwa halikuwa dogo. Mkigombana juu ya mpaka wa shamba, au mkienda kuposa, ndipo watu hukumbushana nani alitoka wapi.

Basi nikaendelea kufundisha. Kila mwaka niliwapeleka walimu wanafunzi Kalenga. Nilisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo chenye fuvu, nikawaonyesha mikuki, nikasema kwa sauti ya kujivuna, "Babu zetu waliwashinda Wajerumani." Maneno hayo yalikuwa kweli kwa wengi waliosimama pale, hata kwangu kwa upande wa mama. Kwa upande wa baba, babu zetu siku ile walikuwa wamelala chini ya kichaka.

Mwaka mmoja msichana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na wale wapagazi, nao tuwahesabu kuwa maadui?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa mahali pale. Nilitazama saa, nikasema, "Muda umekwisha, gari linatusubiri." Gari halikuwa limefika. Tulisimama juani karibu saa nzima tukilingojea, na yule msichana hakuniuliza tena kitu mpaka alipomaliza chuo.

Nimeona makosa mengi ya walimu, na mengine niliyaandikia barua za onyo. Kosa hili la kwangu hakuna aliyeliandikia barua.

Kulipokucha nilikwenda kwa kaka yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Nilimwambia nimeombwa kusema Lugalo na ninafikiri kuwaambia watoto habari zetu. Alikasirika. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. Nikamjibu, "Mficha uchi hazai." Tukaendelea kurushiana methali, kama wafanyavyo wazee wakiogopa kusema wanachokiogopa. Mwishoni akasema lililokuwa moyoni mwake. "Wewe una pensheni yako na nyumba mjini. Mimi naishi juu ya ardhi ile. Wajukuu zangu wataolewa hapa hapa. Ukisema, watu watasema nini juu yao?"

Sikuwa na jibu. Kaka yangu si mtu mjinga, na hofu yake haikutoka hewani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekusudia kuwasimulia watoto kama nilivyosimulia siku zote, Zelewski akianguka na mikuki ikimeta, nipigiwe makofi, nile kiazi changu nirudi.

Kilichonigeuza ni jambo lililotokea mbali na kwetu kidogo, katika Makumbusho ya Majimaji kule Songea. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa na watu wake mwaka 1906, akaomba msamaha. Wako waliosema maneno hayapunguzi kitu, na wako waliosema yamechelewa. Mimi nilivutwa na jambo jingine. Hakusemea Berlin katika ukumbi wenye mazulia. Alikwenda mpaka pale palipo na makaburi, mbele ya wajukuu wa waliouawa. Nikajiuliza, kama mgeni anaweza kusafiri mbali hivyo aje kusema jambo zito juu ya watu wake, mimi ninashindwaje kusema jambo dogo juu ya watu wangu mahali ambapo daladala hunifikisha?

Tena nikalifikiria lile boma la mjini watakaloanzia watoto. Nyumba iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani leo inahifadhi vyungu, ngoma na picha za wenyeji. Makumbusho yangekuwa mahali pa kujisifu tu, tungelivunja boma hilo tukabaki na mikuki peke yake. Tumeviacha vyote viwili kwa sababu vyote viwili vilitokea. Pale Lugalo pana mnara ambao Wajerumani waliuweka kuwakumbuka watu wao. Wahehe wanakumbukwa Kalenga na katika vitabu vya shule. Wapagazi hawana mnara wala kisanduku cha kioo. Wana watu kama mimi na kaka yangu, na sisi tumefunga mlango tangu mwaka 1983.

Jumapili nilirudi kwa kaka. Safari hii sikuchukua methali. Nilimwambia, "Sitalitaja jina la ukoo wala la kijiji. Nitasema tu kwamba baba yake babu yangu alibeba mzigo siku ile, akaogopa, akajificha, akaishi. Nitasema pia kwamba watu waliomkamata ndio waliompa mke, na kwamba sisi ni wajukuu wa wote wawili, aliyefunga kamba na aliyefungwa. Mtoto atakayetaka kucheka atacheka."

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Alichochea moto, akaita mjukuu alete ugimbi. Tulipokuwa tumekwisha kunywa, aliniuliza gari la watoto litaondoka saa ngapi siku hiyo ya tarehe 17. Nikamwambia saa mbili asubuhi. Akauliza kama kuna nafasi ya mzee mmoja. Sikumwuliza anakuja kunisikiliza au kunizuia. Nilimwambia nafasi ipo, avae koti zito kwa sababu ya upepo.

Mpaka ninapoandika haya, siku yenyewe haijafika. Pengine nitasimama pale koo likauke, nikajikuta naangalia saa kama zamani. Ndiyo sababu nimeyaandika kwanza, ili nisipate mahali pa kukimbilia. Na yule msichana aliyeniuliza swali, ambaye sasa lazima awe mama mtu mzima, akipata kuusoma ukurasa huu, ajue jibu langu. Hapana, binti yangu. Hawakuwa maadui. Walikuwa wamebebeshwa mzigo.

Nawe msomaji, kama mwezi huu utapata nafasi, nenda kaone makumbusho iliyo karibu nawe, uwachukue na watoto. Ukirudi, usiwaulize wameona mikuki mingapi. Keti na mzee wa nyumbani kwako kabla hajakuita chumbani na kufunga mlango, umwulize: siku ile sisi tulikuwa wapi?