Nilisifia Waya Nikiwa Naiangalia

Wasee, leo narudisha maneno yangu.

Mwezi uliopita niliwaonyesha waya ya spika niliyonunua Luthuli Avenue kwa 6,500. Kwa boksi wameandika ati imezamishwa kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndio shaba ijipange vizuri na sauti itoke safi. Nikawaambia besi imekaza. Sikuwa nawadanganya, nilikuwa naisikia kabisa.

Halafu kijana mmoja akaniandikia: "Bro, nimeweka akiba miezi mitatu. Ninunue?" Hapo nikashikwa na woga. Kwani mimi nilikuwa nimepima nini? Hakuna.

Nikamwita dadangu mdogo. Nikakaa nikiangalia ukuta, yeye akirusha sarafu kuamua kama atachomeka ile ya 6,500 ama ile yangu ya 400. Wimbo mmoja, sauti kiwango kile kile, mara 16. Ukibahatisha tu utapata kama 8. Ningepata 12, ningesema labda kuna kitu. Nilipata 7. Dadangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikasoma. Ni kweli shaba ikiwa baridi sana hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Lakini waya yako haikai kwa hiyo baridi, inakaa nyuma ya meza. Ikirudi kwa joto la kawaida, ukinzani wake unarudi karibu pale pale. Na waya nzuri ya mita 3 haifiki hata omu 1, wakati spika zenye amplifaya ndani, kama zangu, huwa na omu 10,000 hivi pale unapochomeka. Hiyo tofauti utaisikia na masikio gani?

Sio mimi wa kwanza kuuliza. Mwaka wa 2007, James Randi wa Marekani aliweka dola milioni 1 kwa yeyote atakayetofautisha waya za bei kali na za kawaida bila kujua ni gani inacheza. Hakuna aliyezichukua.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake: nilikosea.

Na wewe kijana, usinunue. Muuzaji akisisitiza, mgeuzie mgongo umwambie: "Sawa, chomeka, mimi nitaje." Uone kama atakubali.