Kompyuta tatu, mama mmoja

Leo naandika juu ya kitu nilichojifunza mezani ninapojitolea siku za kugawa chakula.

Mama mmoja wa zoni yetu alifika na watoto wanne. Akatoa kadi, nikatafuta namba yake. Hakuna. Akaniambia, "Mwanangu, mwezi uliopita nilichukua hapa hapa. Sasa nimekufa?" Nilikosa la kujibu.

Jioni nikakaa na kaka wa kompyuta, tukafuatilia. Kumbe usajili wana programu yao, chakula wana yao, zahanati nao yao. Kila moja ilitengenezwa na watu tofauti kwa kazi tofauti. Mama alikuwa ametenganishwa kadi na shemeji yake, akapewa namba mpya ya familia. Usiku usajili wakatuma mabadiliko, mtandao ukakatika katikati. Amri ya kufuta namba ya zamani ilifika, namba mpya ikabaki njiani. Hakuna aliyeuliza kama vyote vimefika.

Nikasema, basi tumtafute kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Kaka akacheka. Huku jina la ukoo linatangulia, kule linafuata. Na tarehe je? Wengi wetu tuliovuka mpaka bila karatasi tumeandikiwa 1 Januari. Ukitafuta hivyo, utampa mtu chakula cha jirani yake.

Akanieleza kwamba si lazima kutupa programu zote na kuleta moja kubwa. Kila mtu awe na namba yake isiyobadilika hata familia ikigawanyika, na kila programu iiandike kando ya namba inayotumia. Kufuta na kuandika viende pamoja, kimoja kikikwama na kingine kisubiri. Anayepokea ajibu "nimepokea". Asipojibu, atumiwe tena, ila isihesabiwe mara mbili. Na ijulikane ofisi gani ina neno la mwisho kuhusu nani ni nani.

Mama alipata chakula siku ya nne. Siku zote hizo alikula kwa kukopa unga kwa majirani, na wao wenyewe mnajua walivyo.

Ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, jina likikosekana msiseme tu "rudi wiki ijayo." Ulizeni ofisi ya pili siku hiyo hiyo. Mimi sasa nina daftari mezani. Kila namba isiyoonekana naiandika humo, na siondoki mpaka nimeipeleka kwa mtu anayeweza kuitafuta.